Sura ya Saba: Rangi ya Mkeka, Maji ya Delta

Kadi yangu ya kwanza ya rangi za maji sikuichora mimi. Ilijichora yenyewe katika ngama ya boti, kati ya Nyamisati na Maparoni, mimi nikiwa nimekaa juu ya gunia la sukari la mtu nikihesabu kulasitara ukingoni.

Nilikuwa nimebeba vitu viwili ambavyo havikupaswa kulala mfuko mmoja. Kwanza karatasi nane za manila, za kuchorea mitindo ya mikeka niliyokuwa naenda kuitazama. Pili pakiti nne za rangi ya mkeka nilizonunua Kibiti ziwe zawadi kwa bibi niliyekuwa nafikia kwake. Boti ilikuwa inavuja kidogo, kama zinavyovuja boti nyingi, na kijana wa kuchota maji kwa kopo alikuwa na maongezi matamu kuliko kopo. Tulipofika, mfuko ulikuwa unatoa zambarau kwenye pembe moja na kijani kwenye nyingine.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umefika salama?"

"Nimefika, ila zawadi yako imeingia maji."

Akaufungua mfuko, akachungulia, akacheka mpaka akashika kiuno. "Zawadi si hii hapa? Imeshajipika."

Akazitandaza zile manila juani, moja moja, juu ya jamvi, na kuzikandamiza pembeni kwa vipande vya kuni. Chai ilipoiva zilikuwa zimekauka. Mahali ambapo zambarau ilikutana na buluu palikuwa na ukungu, hapana mstari, hapana mpaka. Kijani kilikuwa kimetambaa kikaishia kwenye ukingo wa meno madogo madogo, kama maji yanavyoishia mchangani. Bibi alinyoosha kidole kwenye karatasi moja: "Hii asubuhi ya kaskazi, boti hazijatoka." Nyingine akaiita wingu la masika. Ya tatu hakuiita kitu, aliigeuza tu juu chini na kuirudisha.

Nilikuwa nimekwisha kutumia fedha si haba mjini kununua brashi na visanduku vya rangi kutoka nje, na sikuwahi kupata mchanganyiko wa namna ile. Shida yangu ilikuwa mkono. Nilikuwa nayasumbua maji.

Sura hii inahusu kadi za salamu za kutengeneza kwa mkono, hasa ile rangi inayotandazwa kwanza kabla ya picha na maandishi. Mimi huiita tandiko, kwa sababu kazi yake ni ya jamvi: inalala chini, wengine wanakaa juu yake. Na kwa mtu anayetaka kulijua tandiko, sijui darasa zuri kuliko Delta ya Rufiji. Mto unashuka na tope lake, bahari inapanda na chumvi yake, vinakutana katikati ya mikoko inayokadiriwa kufunika hekta 53,000, na mara mbili kila siku maji yanajaa na kupwa na kuacha alama mpya kwenye matope. Mtu wa Maparoni hahitaji kufundishwa kwamba maji yana saa yake. Akitaka kwenda Nyamisati anaulizia maji kwanza. Kama yamekupwa, anakaa barazani akimenya muhogo.

Tuanze na jina, maana limewaponza wengi. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba "rangi ya maji" utapewa ndoo ya kupakia ukuta. Rangi ya maji ya mchoraji ni kitu kingine: unga wa rangi uliosagwa laini ukashikwa kwa gundi ya mti inayoyeyuka majini. Gundi inayotumiwa duniani kote hutoka kwenye miti ya jamii ya mgunga, na sehemu kubwa inatoka Sudan. Bila gundi, unga ukikauka unapukutika kama vumbi. Gundi ikizidi, rangi inang'aa kama imelambwa na kupasuka ukikunja karatasi.

Kibiti hakuna gundi ya Sudan, lakini kuna mikorosho. Tazama shina la mkorosho mzee, pale lilipojeruhiwa na panga au mdudu: utakuta kokoto za rangi ya asali, ngumu, zinazopitisha mwanga. Huo ni utomvu ulioganda, na tabia yake inakaribiana sana na ile gundi ya mgunga. Zibandue, zitwange kinuni, loweka usiku kucha kwenye maji kiasi cha kufunika, kesho yake zichuje kwa kitambaa cha kaniki. Unachotaka ni maji mazito yasiyozidi uji wa mgonjwa. Angalizo: ni utomvu wa shina ninaosema, si mafuta ya ganda la korosho. Hayo yanababua ngozi, na mtu yeyote aliyewahi kubangua korosho kwa mkono atakuonyesha makovu yake.

Mafundi wengi huongeza asali kidogo ili rangi isikauke kama jiwe kwenye kisahani. Ushauri huo ni mzuri Dodoma. Kwenye Delta, hewa imejaa unyevu wa chumvi, na rangi yenye asali hubaki inanata siku tatu, sisimizi wakaja kufanya sherehe. Mimi nimeiacha. Tone la mafuta ya karafuu, hilo ndiyo, huzuia ukungu kwenye gundi.

Sasa rangi yenyewe. Wanawake wanaosuka mikeka hukausha ukindu, wakauchana, kisha wakauchemsha kwenye sufuria lenye rangi ya unga: nyekundu, zambarau, kijani, njano. Unga huohuo, kiasi cha ncha ya kisu, ukitiwa kwenye kijiko cha gundi ya mkorosho na maji, tayari ni rangi ya kuchorea. Iko tofauti moja na ya dukani ambayo ni lazima uijue. Ya dukani hukaa juu ya karatasi, na ukikosea unaweza kuifuta kwa sponji yenye maji. Ya mkeka inazama. Ikishaingia imeingia, hakuna kufuta, na jua kali likiipiga miezi kadhaa itapauka kama kanga ya kuanikwa kila siku. Kwa kadi hilo si neno. Kadi hukaa ndani ya bahasha au kwenye kabati la vyombo.

Kwa kahawia ninatumia magome ya mkandaa, aina mojawapo ya mkoko, yakipondwa na kuchemshwa mpaka maji yafanane na chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Wavuvi wa pwani wametia nyavu na matanga yao kwenye maji hayo tangu zamani, na enzi za Wajerumani magome ya mikoko yalipakiwa melini kupelekwa kwenye viwanda vya ngozi vya Ulaya. Siku hizi mikoko ni hifadhi, kukata ni kwa kibali. Kwa kadi mia hutahitaji gome linalozidi kiganja, na hilo utalipata kwenye nguzo iliyokwisha kukatwa kwa halali na kuchongwa. Usiguse mti ulio hai.

Na manjano, yale ya mchuzi na ya kusinga maharusi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimepoteza alasiri nzima kucheza nayo na sijutii. Paka maji ya manjano kwenye karatasi, acha ikauke. Halafu chovya brashi safi kwenye maji ya magadi, ambayo hayana rangi yoyote ya maana, uchore juu yake. Papo hapo mstari unageuka mwekundu wa matofali. Si uchawi: manjano hubadilika yakikutana na kitu chenye asili ya majivu, ndiyo maana doa la mchuzi kwenye kanzu hugeuka jekundu ukilipaka sabuni ya kipande. Kwa brashi moja ya magadi unapata jua linalozama nyuma ya mikoko bila kuchanganya rangi hata moja. Wekundu wake hupungua ukali kadiri siku zinavyopita. Nimejifunza kuandika tarehe nyuma ya kadi ili mpokeaji ajue aliipata ikiwa bado mbichi.

Wapo watakaosema kuchora kwa rangi za maji ni jambo la wageni. Sikubaliani. Pwani hii watu wameandika kwa zafarani na maji ya waridi juu ya sahani nyeupe kwa vizazi, aya kwa aya, kisha wakaosha maandishi kwa maji na kumpa mgonjwa anywe kombe. Zafarani, maji, kalamu ya mwanzi, uso mweupe: hiyo ni rangi ya maji, tena ya hali ya juu. Na huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne za 18 na 19 walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba pambizoni kwa wino wa rangi. Mkono huo upo. Umelala tu.

Kazi yenyewe sasa. Chukua karatasi nene. Ile bora kwa rangi za maji ina uzito wa gramu 300 kwa mita moja ya mraba, na Kibiti huipati. Manila ya shule inafaa ukiwa na adabu nayo. Ikate kwa ukubwa wa A5, yaani nusu ya karatasi ya kawaida ya kuchapia, ambayo ikikunjwa inakupa kadi ya milimita 105 kwa 148 na inaingia vizuri kwenye bahasha ya milimita 114 kwa 162. Kabla ya kukata, ipinde taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuikunja. Upande mmoja utakubali, mwingine utagoma. Kunjo la kadi lifuate upande unaokubali, la sivyo litachanika na kuota ndevu.

Ibandike pande zote nne kwenye ubao kwa tepu ya karatasi. Hapo ndipo manila hushindwa au kupona: karatasi nyembamba ikilowa hujikunja kama samaki kwenye mafuta, na tepu inaishika mpaka ikauke ikiwa imenyooka. Lowesha uso wote kwa kipande cha sponji ya godoro. Usimwage, futa, kama unavyomfuta mtoto uso. Sasa inamisha ubao, uuangalie kwa ubavu dhidi ya mwanga. Uso ukimeremeta kama sinia lenye maji, ni mapema mno. Rangi itakimbia na kukusanyika kwenye kona. Subiri mmeremeto ulegee, uwe kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga na kujifuta. Hapo gusa kwa brashi iliyojaa rangi (mimi natumia brashi ya kunyolea ndevu, haina mpinzani) sehemu mbili au tatu tu. Rangi itafunguka. Weka brashi chini. Ukitaka ishuke, inamisha ubao. Ukitaka irudi, inamisha upande wa pili. Mkono wako usiingie tena humo.

Bibi alifanya tandiko lake la kwanza vizuri kuliko langu la ishirini. Nilipomwambia asubiri mmeremeto, alijibu bila kuinua macho, "Yanakupwa. Nayaona." Kisha akaenda kugeuza ukindu wake jikoni, akarudi wakati uleule unaotakiwa.

Chumvi ni ya mwisho. Chukua chumvi ya mawe, ile ya pwani, si ya unga ya pakiti. Mmeremeto ukiwa unaelekea kufa kabisa, dondosha punje chache, mbalimbali. Kila punje hunywa maji yaliyo karibu yake na kuisukuma rangi, na baada ya robo saa utaona vinyota vyeupe vimechanua. Wengi huviita theluji. Mimi sijawahi kuona theluji Kibiti. Naona vile vijidonge vya mchanga ambavyo kaa wadogo huvitapanya kuzunguka mashimo yao bahari ikikupwa. Chumvi ikiwahi, inayeyuka na kuacha madoa. Ikichelewa, inakaa juu kama chumvi juu ya embe. Karatasi ikikauka kabisa ipanguse kwa kiganja, kwa sababu chumvi ikibaki huvuta unyevu, na mwezi mmoja baadaye kadi inatoa jasho ndani ya bahasha.

Msimu nao una sauti. Kaskazi ikivuma, kwenye miezi ya joto la mwanzo wa mwaka, karatasi inakauka upesi mno na inabidi kufanya kazi alfajiri. Masika, kuanzia Machi, tandiko moja linaweza kukuweka mpaka adhuhuri, na manila uliyoiweka akiba inaota madoa ya ukungu. Usiikaushe motoni. Ing'oe tepu polepole ikiwa kavu, ilaze chini ya kiroba cha mchele usiku mmoja.

Juu ya tandiko weka nini? Kidogo. Mizizi ya mkoko iliyojipinda kama miguu ya mtu anayevuka maji, kwa wino mweusi wa masizi na gundi ileile. Vijiti vya mchu, mkoko mwingine, vinavyochomoza matopeni. Dungu katikati ya mpunga, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho kila mtu wa Rufiji amewahi kulala akiwinga ndege na nguruwe. Ngalawa moja. Nikiona kadi yenye ngalawa tatu, mnazi, jua na twiga, najua mchoraji aliogopa nafasi tupu.

Kwa mpangilio, mwalimu wangu ni kanga. Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyokaa chini ya mji. Hebu itazame tena kama kadi: ni salamu, pongezi au kijembe kilichowekewa mpaka na picha, kikapelekwa kwa mtu fulani bila kumtaja. Nikipanga kadi, ile nafasi nyeupe iliyoachwa na tepu ndiyo pindo, dungu au mkoko ndio mji, na jina naliweka palepale linapokaa kwenye kanga. Jicho la msomaji wa pwani linajua pa kwenda.

Kadi ya Krismasi tuliyoizoea ilipata umbo lake London mwaka 1843, pale bwana mmoja aitwaye Henry Cole alipokuwa na barua nyingi mno za Krismasi za kujibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee moja ya kutuma kwa wote. Zilichapwa nakala 1,000 hivi, zikatiwa rangi kwa mkono moja moja. Yaani kadi ya Krismasi ya kwanza kabisa iliyouzwa ilikuwa na rangi ya brashi. Kadi za UNICEF zilianza mwaka 1949 kwa picha ya mtoto wa kike wa miaka 7 wa Chekoslovakia, aliyeichora juu ya kioo kwa sababu baada ya vita kijijini kwao karatasi haikupatikana. Hilo nalikumbuka kila ninaponung'unikia manila.

Tanzania, neno kadi lina uzito wa namna yake. Ukimpa mtu bahasha nzuri, jambo la kwanza analofanya ni kuangalia mwisho wa kuwasilisha mchango. Kadi ya harusi yetu ni hati ya deni, na ya pili inayokuja ukishalipa ni tiketi: ya mtu mmoja au dabo. Kwa hiyo kadi isiyodai kitu humshtua mpokeaji. Nimemwona mtu mzima akiigeuza kadi ya Idi mara tatu akitafuta namba ya simu ya mweka hazina.

Na hata hivyo kadi za mkono zinauzika. Iringa, karakana ya Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana 3 viziwi, ikitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, na kadi zikawa miongoni mwa bidhaa zake. Maganda ya migomba yamebandikwa kwenye kadi kote Afrika Mashariki mpaka wageni wameyachoka. Kwa mtu wa Maparoni soko liko ng'ambo, Mafia, wanakofika watalii wa kuogelea na papa potwe. Ushauri wangu ni mmoja: usimchoree mtalii papa. Wa picha amewajaza kwenye simu. Mchoree njia aliyopita, ile asubuhi ya ukungu baina ya mikoko ambayo simu yake ilishindwa kuipiga.

Ile karatasi ya tatu, ambayo bibi hakuipa jina, ndiyo tuliyoikata kwanza. Mjukuu wake alikuwa amejifungua Kilindoni, huko Mafia. Nilichora dungu, nikaandika chini yake, kwa kalamu ya mwanzi, "Hongera kwa kupata mtoto." Bibi akasoma.

"Hiyo salamu ya karani," alisema. "Muulize kitovu kimeanguka? Maziwa yanatoka? Huyo mume amenunua samaki wa mchuzi au anazunguka tu? Mwambie asioge maji ya baridi. Mtoto amefanana na nani, aseme kweli."

Mji wa kadi ukajaa, nikahamia ndani, nikamaliza kurasa zote mbili, nikaingia nyuma. Kadi ilipokauka tukaifunga kwenye kipande cha nailoni kilichokuja na godoro, na jioni maji yalipojaa nikaipeleka gatini kwa nahodha aliyekuwa anavuka kwenda Mafia. Akaipima mkononi, akauliza nauli yake iko wapi. Nikarudi kumuuliza bibi.

"Andika nyuma," akasema, "atalipa mpokeaji."

Ilikuwa imebaki nafasi ya kidole kimoja, karibu na pindo. Nikaandika.